Soda (askari) wa kwenye picha hakuenda Tabora

Kwetu kuko picha moja tu ya babu, baba ya papa. Moja, basi. Miaka yote imetundikwa kwa shangazi huku Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki ya Kongo, juu ya kiti chake cha salon, na kila mtoto wa familia aliyekuja kusalimia alioneshwa na akaambiwa maneno yaleyale: "Uyu njo papa yetu, alipigana vita ya Tabora, Wadachi aliwaona na macho yake." Njo ile vita vya kwanza vya dunia, Wabelgiji na basoda wao wa Kongo walipowanyang'anya Wadachi, yaani Wajerumani, mji wa Tabora, Tanzania ya leo. Mi pia niliambiwa hivo, nikaandika hata kwenye devoir ya historia nikiwa sekondari, mwalimu akanipa pointi nzuri.

Mwaka huu mvua ikaingia kwa paa la shangazi, maji yakashuka kwenye ukuta mpaka kwenye ile kadre, akanipigia simu niende niitoe haraka kabla picha haijaoza. Nikaenda. Tukaishusha, tukatoa misumari midogo ya nyuma polepole na kisu cha kumenyea viazi, kioo kilikuwa kimeshapasuka zamani, na ile picha ilikuwa imegandamana na karatoni upande mmoja. Nilipoitoa nikaigeuza, na nyuma kuko muhuri wa mpiga picha, wino wa zambarau, nusu umefutika, lakini neno moja linasomeka vizuri: Costermansville.

Hapo moyo ukaanza kupiga. Costermansville ni Bukavu hii yetu, njo jina Wabelgiji waliipatia mji mwaka 1927 na wakaliacha miaka ya 1950. Sasa mtu aliyepigana Tabora mwaka 1916, apigwe picha na sare ya jeshi Costermansville, labda inawezekana, labda alibaki jeshini muda mrefu. Lakini papa alinipa kadi ya ubatizo ya babu, ile ya mapadri, imeandikwa kwa mkono kwamba alizaliwa karibu 1918. Karibu 1918! Tabora ilichukuliwa tarehe 19 Septemba 1916. Babu alikuwa bado hajazaliwa.

Sikumwambia shangazi siku ile. Nilirudi nyumbani na picha kwenye bahasha, ndani ya kitabu kikubwa isijikunje, na nikakaa nayo wiki tatu.

Nieleze picha yenyewe. Babu amesimama, mkono wa kuume umeshika mgongo wa kiti, nyuma yake pazia lililochorwa nguzo na maua. Kichwani ana fezi, ile kofia ya duara isiyo na ukingo. Shati la kaki la mikono mifupi limepigwa pasi mpaka mistari inaonekana, kaptula, kwenye mkono galoni, mistari ya cheo, na kifuani upande wa kushoto medali inaning'inia kwenye utepe. Sisi tuliambiwa medali ni mbili. Hapana, ni moja, ile "ya pili" ni kifungo cha mfuko wa shati kimepigwa na mwanga. Nilisikitika kidogo kuigundua hiyo, sijui kwa nini.

Fezi njo ilitudanganya wote. Ukiona fezi unafikiria zamani sana, enzi ya Leopold, vita vya kwanza. Kumbe Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ilivaa fezi muda mrefu, hata kwenye vita vya pili basoda wengi bado walikuwa nayo. Kitu cha kuangalia ni nguo yenyewe. Sare ya mwanzo, tangu jeshi lilipoundwa miaka ya 1880, ilikuwa ya bluu, na mshipi mwekundu kiunoni, na kaki ilikuja kuchukua nafasi yake wakati wa vita vya 1914-1918. Wale wa Tabora ukiwaona kwenye picha za zamani wengi wako miguu mitupu. Babu amevaa viatu. Shati la kola wazi, mikono mifupi, hiyo si nguo ya 1916.

Binamu yangu mmoja alitaka kusaidia, akaingiza picha kwenye programu ya simu ile inayopaka rangi picha za zamani, ikatoka fezi nyeusi kabisa na utepe wa kijivu, na yeye akaanza kutafuta jeshi gani lilivaa fezi nyeusi. Nikamwambia acha kwanza. Filamu nyingi za zamani hazikuona nyekundu, kitu chekundu kinatoka cheusi kwenye picha, na bluu inatoka nyeupe-nyeupe. Ile programu inakisia tu kwa weusi na weupe inaouona. Kama na wewe una picha ya mzee wako wa fezi "nyeusi", karibu kabisa ilikuwa nyekundu. Na utepe wa medali usiujaribu kwa rangi kwenye picha ya namna hiyo, angalia mistari imepangwa namna gani, mipana au myembamba, iko pembeni au katikati, na angalia chuma.

Chuma njo kilitusaidia. Juu ya utepe wa babu kuko kijibao kidogo cha chuma, kimelala, kama kipande cha kiberiti kwa urefu, na juu yake kuna maandishi. Kwa macho huoni kitu. Niliipeleka kwa fundi wa saa huku mtaa wa Nyawera, mzee mmoja mpole anayekaa na meza yake ndogo chini ya mwavuli, akabana ile lenzi yake kwenye jicho, akainama juu ya picha mpaka pua karibu iguse, akanyamaza muda mrefu, watu wanapita, pikipiki zinapiga honi. Mwisho akasema: "Naona S. Naona S ingine. Halafu fimbo, halafu kama N." Akanipa lenzi niangalie mwenyewe. Kweli. Mwanzo umefutika, mwisho uko kwenye kivuli cha utepe, lakini katikati: SSIN.

Ubelgiji ilitoa medali ya vita vya Afrika 1940-1945, na juu ya utepe wake waliweka kijibao cha mahali soda alipopigana au kutumikia. Kuko ya Nigeria, kuko ya Mashariki ya Kati, ya Madagascar, ya Burma. Yenye S mbili zimefuatana ni moja tu. ABYSSINIE.

Nilikaa pale kwenye benchi ya fundi na machozi yakanitoka, yeye akafikiri amenivunjia kitu.

Abyssinie ni Ethiopia. Mwaka 1940 Ubelgiji ilikuwa imeshikwa na Wajerumani, Kongo ikabaki upande wa Waingereza, na Waitaliano walikuwa Ethiopia. Basi Force Publique ikatumwa kutoka huku kwetu, wakapanda Sudan, wakashuka Nile kwa mashua, wakaingia Ethiopia upande wa magharibi. Asosa wakaichukua Machi 1941, mwezi uleule Gambela. Halafu wakakwama kwenye milima, mvua, chakula hakifiki, na magonjwa yakaua watu kuliko risasi. Tarehe 3 Julai 1941 wakapanda kupiga ngome ya Waitaliano, na siku ileile Jenerali Gazzera akaomba masharti ya kujisalimisha kwa Gilliaert, mkubwa wa Wabelgiji. Majenerali 9 wa Italia wakawa mateka wa basoda waliotoka Kongo.

Mahali pale panaitwa Saio. Leo Waethiopia wanapaita Dembi Dolo.

Sasa wewe wa Bukavu unayesoma, umeshaelewa. Camp Saïo! Nimepita mbele ya ile kambi tangu naenda shule ya msingi, nimesema "Saio" mara elfu, nimemwambia motari wa pikipiki "nishushe Saio", na sikujiuliza hata siku moja neno lile ni la wapi. Nilifikiri ni jina la mtu, au la kilima. Kumbe ni mji wa mbali ambako babu yangu alifika na bunduki, na nikiwa mtoto alikuwa kwenye ukuta wa salon akiniangalia.

Halafu zile galoni. Ni za cheo cha chini, na juu yake hakukuwa na njia ndefu, kwa sababu maofisa wote walikuwa Wabelgiji, mpaka uhuru unafika 1960 hakukuwa Mkongomani hata mmoja ofisa. Mtu amekamata majenerali, anarudi nyumbani, anapewa chuma na utepe. Papa anasema babu hakuongea vita, alichobaki nacho ni amri za Kilingala tu, akikasirika na watoto.

Jumapili nikarudi Kadutu. Niliogopa kumwambia shangazi, maana kumwondolea mtu mzima Tabora yake ni kitu kizito. Nikamwonesha kwenye simu zile herufi zimekuzwa, nikamweleza pole pole. Akasikiliza. Akaniuliza: "Sasa Tabora ilitoka wapi? Maana Tabora sikuitunga mie."

Nikamwambia tantine, fikiria vizuri, nani alikuwa anaisema.

Alifunga macho. Akasema ni nyanya yake njo aliyekuwa anaisema, mama yake babu, akiwa mzee sana, amekaa jikoni. Kwamba mume wake alichukuliwa kijijini na Bula Matari, njo serikali ya Wabelgiji, akafungwa kamba na wengine, akabebeshwa sanduku la risasi kichwani mpaka Tabora. Kwamba alirudi amekonda mpaka hawakumtambua, na hapa katikati ya kichwa nywele hazikuota tena. Na mtoto waliyemzaa baada ya kurudi njo babu.

Basi walikuwa watu wawili. Baba alibeba, mtoto akapigana, na sisi kwa kuwa tulikuwa na picha moja tuliwatia wote ndani ya fezi moja. Wapagazi wa vita ile ya kwanza upande wa Wabelgiji walikuwa zaidi ya laki mbili, na kwa kila soda mmoja walihitajika wapagazi wengi, kwa sababu hakukuwa na barabara wala gari, kila risasi iliyopigwa Tabora ilipita kwanza juu ya kichwa cha mtu. Huyu wetu hakupigwa picha. Hakupewa medali. Hata jina lake shangazi alilitafuta muda, akalipata jioni wakati nimeshavaa viatu niondoke, akaniita nirudi.

Tumeskani picha, kopi ziko kwa papa, kwa binamu, na kwangu. Ile yenyewe imerudi kwa shangazi, kadre mpya, ukuta mwingine ambako hakuvuji. Nyuma niliandika kwa penseli, si kwa biki: Abyssinie, 1941, na jina la babu. Shangazi akasema andika na ya baba yake. Nikamwambia hii si picha yake. Akasema najua, andika.

Nikachukua karatasi nyeupe, nikaandika jina, Tabora 1916, alibeba. Tukaikunja mara moja, tukaiweka ndani ya kadre, nyuma ya picha, kabla ya kurudisha misumari.