Doa la Neema

Jana kwa matatu ya Kayole mama mmoja aliyekaa nyuma yetu alinigusa bega akaniuliza, "Pole mama, mtoto aliungua na uji?" Sikukasirika, watu huuliza kila siku. Neema ana doa jekundu lililokolea, linaanzia kwa paji la uso linashuka kwa kope ya kulia mpaka shavuni, halafu linakatika katikati ya pua kabisa, kama mtu amepiga laini na rula. Miaka minne sasa najibu hilo swali. Lenye huniuma ni lile la shosho yake, eti Mama Neema ulifanya nini ukiwa na mimba.

Sikufanya kitu.

Mtoto huanza seli moja, inagawanyika zinakuwa mbili, nne, nane, na kila mara DNA yote, yaani yale maagizo ya kujenga mwili, inanakiliwa upya, karibu herufi bilioni 6, sasa hapo si lazima moja moja zikosewe? Ilitokea kwangu na kwako pia, ndio maana hata mapacha wa kufanana hawafanani DNA mia kwa mia. Kwa Neema kosa lilianguka kwa jeni, yaani kipande kimoja cha hiyo DNA, inaitwa GNAQ, herufi moja tu ndani ya seli moja, na seli zote zilizozaliwa na hiyo seli zikabeba hilo kosa mpaka kwa mishipa midogo ya damu ya uso. Wanasayansi waligundua hii 2013, juzi tu! Haikutoka kwangu wala kwa babake, na hata ukimpima damu unaweza usiione. Kosa likiingia mapema zaidi linaweza kufika kwa ubongo, mtoto anapata kifafa, na jicho nalo presha inaweza kupanda, so kliniki ya macho hatukosi hata mvua inyeshe aje.

Sasa Jumapili shosho alikuja akanipata nakanda chapati. Nikakata donge likawa mawili, moja nikalitonea maji ya bitiruti nikalikanda, nikaendelea kukatakata yote, na kila kipande cha lile jekundu kilitoka chekundu, vile vingine vikabaki vyeupe. Nikamwambia, "Mama, ni hivi tu, na hakuna mtu alitonea."

Alinyamaza sana akiangalia meza, akageuza kipande kimoja na kidole. Halafu akauliza, "Kliniki ya macho ni lini?"

Alhamisi.

"Nitalala huku Jumatano, twende sisi watatu."