Siku moja na chokaa: kutoka ripoti ya maabara hadi hesabu ya mifuko, Kitale

Saa moja asubuhi. Ni Februari, mvua ndefu haziko mbali, na ripoti za maabara zimeingia. Kabla ya namba yoyote kuingia kwenye programu ya kuhesabu chokaa, ile inayopunguza tindikali ya udongo, vichwa vya safu husomwa kwanza. pH, kipimo cha tindikali (namba ikishuka, tindikali imezidi), imepimwa kwa maji au kwa kloridi ya kalsiamu? Udongo uleule ukipimwa kwa kloridi husoma chini, mara nyingi kwa 0.5 hadi 0.8. Ukiingiza 4.6 ya kloridi huku menyu ikisema "maji", shamba la wastani linageuka mahututi kwenye skrini. Kisha vipimo: alumini ikija kwa mg/kg, gawa kwa 90 upate cmol/kg, kipimo ambacho programu hutumia. Ikija kwa meq/100 g, iache ilivyo, ni kitu kilekile.

Saa tatu. Shambani. Kipande kimoja cha ekari 3 kimerudi na pH 5.6 ilhali vipande vyote vinavyokizunguka viko karibu na 4.9. Ukifika, jibu liko chini ya miguu: pembeni palikuwa na boma la ng'ombe, na jivu la jikoni limemwagwa hapohapo kwa miaka. Matundu machache ya auga (kifaa cha kutobolea udongo) kutoka pale yameivuruga sampuli nzima. Wala usitafute wastani wa pH mbili ukadhani umesawazisha. Kipimo hiki huruka mara kumi kila pointi moja, na chokaa inayofaa wastani haifai upande wowote.

Kwa hiyo boma linachorwa kwenye ramani kama kipande chake, na sehemu iliyobaki inachukuliwa upya: matundu 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, ndani ya ndoo ya plastiki. Ndoo ya mabati huchafua kipimo cha zinki. Changanya, toa mawe na mizizi, baki na nusu kilo.

Swali la mwisho kwa mwenye shamba ndilo linalosahaulika zaidi: chokaa itachanganywa na nini? Trekta ya plau na haro hufika sentimita 20, lakini jembe la mkono huishia 10, labda 15. Programu ikihesabu 20 na jembe likafika 10, safu ya juu inapata dozi maradufu. Hapo zinki na manganizi hujifungia udongoni, mmea usizipate, na mahindi huchora mistari myeupe, halafu lawama zote zinaiendea mbegu.

Saa saba mchana. Ghalani. Chokaa ya kilimo si kitu kimoja. Kalsiamu kaboneti safi ni 100 kwa kipimo cha uwezo wa kuondoa tindikali, chokaa iliyozimwa 135, na ya kuchomwa hufika 179. Ya mawe yaliyosagwa kijijini inaweza kuwa chini kabisa. Siki ikitoa povu inakuambia kaboneti ipo, haikuambii ni kiasi gani. Chunga gramu 100 kwenye chujio la milimita 0.25: kinachobaki juu kitachukua miaka kufanya kazi, kama kitafanya. Mfuko wa leo: uwezo 80, na kwa ulaini wake ni asilimia 85 tu ya huo inayofanya kazi.

Saa tisa. Majibu ya sampuli mpya yakija yatapita njia hii hii ya kipande cha jirani, nacho cha ekari 3: pH ya maji 4.9, tindikali iliyotolewa kwa KCl (kloridi ya potasiamu) 1.2 cmol/kg. Udongo wa sentimita 20 wenye uzito wa kilo 1.1 kwa lita ni tani 2,200 kwa hekta. Kila cmol moja inadai kilo 1,100 za kaboneti safi, mara 1.2, mara kizidishi cha 1.5, unapata tani 1.98. Gawa kwa 0.80 na 0.85: tani 2.91 kwa hekta. Kwa ekari 3 ni tani 3.53, yaani mifuko 71 ya kilo 50.

Ukiacha uwezo ukae kwenye 100, kama programu inavyokuja, utaagiza mifuko 57 hivi. Mkulima atamwaga, apime tena, aone pH haikusogea ipasavyo, aseme chokaa ni uongo. Na kabla ya kubonyeza "tuma" tazama zao: lengo la pH 6.0 lililobaki kutoka kwenye mahindi litapendekeza chokaa hata kwenye chai, inayostawi kwenye 4.5 hadi 5.5.

Saa kumi na nusu. Simu, kutoka kwa mwenye kipande hicho.

"Mifuko 71 sina pesa, mwalimu."

"Basi mama, nusu mwaka huu na nusu mwakani. Anza na upande wa maharage, yanaumia kuliko mahindi. Imwage wiki hii, haro ipite juu yake. Ikikaa juu tu haishuki."

"Nichanganye na mbolea ya DAP nipande mara moja?"

"Hapana. Hewa ya amonia itapeperuka na naitrojeni yako. Chokaa sasa, mbolea wakati wa kupanda."

Saa kumi na moja na nusu. Kinachoandikwa kwenye rekodi si pendekezo, ni kilichomwagwa kweli: mifuko mingapi, kutoka ghala gani, tarehe, kina. Kipimo kijacho kinawekwa baada ya miaka 3, boma likiwa na sampuli yake.