Kumwandaa mwalimu wa shule ya Jumamosi

Shule za Jumamosi, zile ambazo jamii za wahamiaji huwafundishia watoto wao nje ya shule za kawaida, hazikuanza jana Uingereza. Wazazi waliotoka visiwa vya Karibi walikuwa nazo London tangu miaka ya 1960, shule za kawaida zilipokuwa zikiwadharau watoto wao. Leo Wasomali wanazo, Wakongo wanazo, na sisi wa Kiswahili tunazo, nyingi katika ukumbi wa kukodi ambao saa saba mchana lazima ubaki mtupu.

Walimu wanajitolea, nao huja wa aina mbili. Yupo shangazi anayezungumza Kiswahili kitamu lakini hajawahi kushika chaki. Yupo pia aliyefundisha miaka mingi kwao, darasa la watoto 60, akazoea kuwaimbisha masomo wote kwa pamoja. Huyu wa pili ndiye mgumu kumfunza, maana ana mengi ya kuacha.

Anza na darasa lenyewe, nadharia iache. Watoto 12, wa miaka 6 hadi 13. Wawili hawaelewi kitu, watatu wanaongea vizuri ila kuandika hawajui, na saba waliobaki wanaelewa kila neno lakini wanajibu kwa Kiingereza. Mafunzo mengi huwasahau hao saba.

Mtoto wa kundi hilo akijaribu, atasema: "Mwalimu, kitabu yangu iko wapi?" Mwalimu mgeni husimamisha kila kitu aeleze ngeli ya ki-vi ubaoni. Juma linalofuata mtoto anauliza kwa Kiingereza, na nani atamlaumu? Mwalimu aliyefunzwa hujibu tu: "Kitabu chako? Kitabu chako kiko pale, chini ya meza." Mtoto amesikia umbo sahihi mara mbili, na amepata kitabu. Wafanyisheni walimu zoezi hili wawiliwawili, mmoja akijifanya mtoto mwenye sentensi tano mbovu, zenye makosa kama viatu zangu, mkono yangu, macho zangu. Dakika 15 zinatosha, lakini rudieni kila muhula, kwa sababu tabia ya kukosoa hurudi haraka.

Jambo jingine ni lahaja. Mtoto wa Lubumbashi akisema "batoto" hajakosea, hicho ndicho Kiswahili cha mama yake. Mwambie: nyumbani mnasema batoto, kitabuni tutaandika watoto. Ukimcheka umemcheka mama.

Ratiba ya saa mbili huharibika mwanzoni, kwa kuwa nusu ya watoto huchelewa. Basi usiweke somo jipya dakika 20 za kwanza. Weka kadi za maneno na picha mezani, mchezo ambao anayechelewa anaweza kuuingia bila kuelezwa upya.

Kuhusu cheti cha DBS, kile cha ukaguzi wa rekodi za uhalifu za anayefanya kazi na watoto: hakilipiwi kwa anayejitolea, ila shule ndogo haiwezi kupeleka maombi yenyewe. Inapitia shirika mwamvuli, yaani lililosajiliwa kupeleka maombi kwa niaba ya wengine, nalo linaweza kudai ada yake. Cheti hutumwa nyumbani kwa mwalimu, kwa hiyo mwambieni asitupe bahasha, mnahitaji kuona karatasi halisi. Akijisajili kwenye huduma ya kuhuisha cheti ndani ya siku 30 tangu kitolewe, hatalazimika kuanza upya akihamia shule nyingine.

Ulinzi wa watoto ndio unaotutia aibu. Mtoto akisema jambo zito, kwetu mwalimu hukimbilia kumwita baba "tuyamalize". Hapana. Usiahidi kutunza siri, usimhoji, andika maneno yake kama alivyoyasema, siku ileile, umkabidhi msimamizi wa ulinzi wa watoto. Baba aliyeitwa kwanza anaweza kuwa ndiye anayesemwa.

Wiki ya tatu, mratibu akae nyuma ya darasa dakika 20 na saa mkononi. Asiandike ripoti. Ahesabu tu dakika ambazo mwalimu alizungumza na ambazo watoto walizungumza Kiswahili. Walimu wapya wengi hupata 17 kwa 3, na hawaamini mpaka waonyeshwe karatasi.