Taulo la Mzee

"Limekuunguza, kaka?"

Binti wa saluni aliniuliza hivyo Jumamosi iliyopita, akaliinua haraka taulo usoni mwangu. Halikuwa limeniunguza. Lilikuwa na joto la kawaida tu, na ile harufu ya kitambaa cha pamba kilichotoka kwenye maji ya moto, lakini machozi yalikuwa yakinitoka. Nikamjibu kwamba ni la moto kidogo. Ningeanzia wapi kumsimulia habari za Mzee, na watu wamepanga foleni nyuma yangu?

Kwetu Muheza, Mzee alinyoa ndevu kila siku ya kazi, kabla ya taarifa ya habari ya saa moja asubuhi. Birika jikoni juu ya mkaa, beseni la bati, na taulo dogo la bluu ambalo mama alikatazwa kulipigia deki hata lilipochakaa. Alilichovya, akalikamua, akalikunja, akaligusisha upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale mishipa inapoonekana, kisha akalilaza usoni. Likipoa, analichovya tena. Dakika mbili, tatu. Wembe wa Topaz ulisubiri kwenye mashine yake ya chuma, na sabuni ilipakwa mwisho kabisa.

Nilidhani ni madaha ya wazee hadi nilipoota ndevu zangu mwenyewe. Ndevu kavu ni ngumu, wembe unazivuta. Zikishiba maji ya moto zinalainika na unazikata bila kukandamiza. Na nywele zetu hizi zilivyojikunja, ukizivuta na kuzikata chini sana, ncha inarudi kuchoma ngozi kwa ndani, ndipo kidevu kinajaa vipele. Mzee hakuwahi kuwa na kipele. Alinyoa kwa kufuata ndevu zilivyolala, akamaliza kwa jiwe la shabu. Spiriti aliiachia vijana.

Kiharusi kilimpata Septemba 2010. Mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno, vyote vilikwenda asubuhi moja, kwa sababu kilipiga ubongo upande wa kushoto. Mambo ya hospitali nayaacha.

Tarehe 24 Desemba nikapata ruhusa gereji, nikapanda basi kutoka Dar. Nilimkuta barazani, ndevu nyeupe zimemjaa, mama akizipunguza kwa mkasi wa kushonea. Aliponiona alijishika kidevu kwa mkono wa kushoto, kisha akanyoosha kidole upande wa kanisani. Mama akasema, "Mnyoe baba yako. Miezi mitatu anamsubiri mtu wa kumnyoa, mimi wembe naogopa."

Nikachemsha maji. Nikalitafuta lile taulo la bluu, nikalipata kwenye sanduku lake, limekunjwa na mashine ndani. Nilifurahi jinsi mikono yangu ilivyokuwa ikijua kila hatua: kuchovya, kukamua, kukunja mara tatu. Mvuke ulipanda, Mzee akafumba macho hata kabla sijamkaribia, akainua kidevu. Nikalipima taulo kwa viganja. Viganja vya fundi wa magari, vyenye sugu, vinavyoshika bomba la moshi gari likiwa limetoka safarini. Nikaona liko sawa.

Nilianzia shavu la kulia. Nikalikandamiza kidogo lishike vizuri. Mzee alitulia, uso umelegea, nami nikasema moyoni, leo amestarehe. Nikahesabu polepole, kama alivyokuwa akihesabu yeye. Kisha nikalivuta taulo lifunike na upande wa kushoto.

Alishtuka kiti kikasogea. Mkono wake mzima ulinidaka, na sikujua kama ulikuwa bado na nguvu kiasi kile. Nikaliondoa taulo. Hakuniachia. Alinipokonya lile taulo, akaugeuza mkono wangu kiganja kikatazama juu, akalilaza taulo kwenye kifundo changu, upande wa ndani, akalishikilia hapo. Ndipo na mimi nikausikia ule moto. Nilitaka kuutoa mkono. Yeye alikuwa akinitazama, jicho la kulia likivuja maji kama lilivyokuwa likivuja tangu augue, la kushoto kavu. Alijaribu kusema kitu. Ikatoka sauti moja tu, ndefu, isiyo neno. Tukakaa hivyo mpaka joto likapungua, akaniachia.

Vingine vilikwenda upesi. Taulo la pili nililipima pale aliponionyesha. Nikamnyoa bila kumkwaruza, shabu nikaipitisha, mama akaleta kioo na Mzee akajitazama muda mrefu. Kesho yake tulimpeleka kanisani na shati jeupe.

Jioni ya Krismasi dada akaliona lengelenge kwenye shavu la kulia, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Akauliza, "Hapa pamefanyaje?" Nikajibu kwamba ni wembe. Mzee alikuwa amekaa pale pale, kati yetu, na hakuwa na neno la kunikana wala la kunitetea. Alinitazama, kisha akageukia michungwa uani.

Alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa nne. Dada hajui mpaka leo, labda atajulia hapa. Dada, haukuwa wembe. Nililiweka taulo mahali ambapo baba yetu hakuwa akisikia moto, na nikauona utulivu wake nikadhani ni raha.

Kinachonirudia zaidi ni ule mkono. Siku nyingine naamini alikuwa amekasirika, akataka nionje nilichomwonjesha. Siku nyingine naona alikuwa ananifundisha, kwamba kaniona nimesahau kipimo, na kufundisha kulikuwa kumebaki kwenye mkono mmoja tu. Ile sauti yake naijaribu wakati mwingine nikiwa peke yangu. Haiwi "mwanangu", haiwi "acha".

Binti wa saluni alirudi na taulo la pili baada ya kunyoa. "Hili nimelipooza," akasema. Nilimnyooshea mkono, kiganja juu, nikamwomba aanze kuliweka hapa kwenye kifundo. Hakuuliza kwa nini. Aliliweka, akasubiri.