Siku moja maishani mwangu: kinga ya kuazima

Saa 1 asubuhi. Napokea zamu wodi ya wazazi. Kitanda cha tatu kuna mama aliyejifungua saa 10 alfajiri, na kipimo chake cha homa ya ini B kimesoma chanya. Namdunga mtoto chanjo paja la kulia, na la kushoto namdunga kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya vijidudu, zilizokwisha tengenezwa, zilizotolewa kwenye damu ya watu wenye kinga. Kingamwili hizo hutakiwa ziingie ndani ya saa 12 tangu azaliwe.

"Sista, mbona sindano mbili?"

"Moja inaufundisha mwili wake kupigana, mama. Nyingine inampigania wakati anajifunza."

Saa 3. Mzazi mwingine analalamika maziwa hayajatoka, ila "haya ya njano tu". Namsaidia kukamua. Tone linatoka zito, linanata kwenye kijiko, mtoto analilamba mara moja. Hiyo ndiyo dang'a, imejaa kingamwili zinazotanda kwenye koo na utumbo wa mtoto na kuwazuia vijidudu wasijishike. Dang'a ikimwagwa naumia kweli.

Saa 5. Kliniki ya wajawazito, chanjo za pepopunda. Mkono ni wa mama, lakini anayelindwa ni pamoja na aliye tumboni, maana kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma. Nyingi huvuka miezi mitatu ya mwisho, kwa hiyo mtoto njiti huzaliwa na akiba ndogo.

Saa 8 mchana. Naitwa dharura, wenzetu wamezidiwa. Mtoto kaumwa na mbwa asiyejulikana, matundu manne kwenye shavu la mguu. Tunaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa ya ukutani, huku analia. Kisha namweka kwenye mizani: kilo 15. Uniti 20 za kingamwili dhidi ya kichaa cha mbwa kwa kila kilo, jumla 300.

Baba yake anauliza kama chanjo peke yake haitoshi. Namweleza kwamba mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kutengeneza kingamwili zake kutokana na chanjo, na kirusi cha kichaa cha mbwa kikishaingia kwenye neva hatuna tena la kufanya. Kwa hiyo hizi za kupewa nazichoma kwenye kidonda chenyewe, tundu moja baada ya jingine, polepole, mpaka nyama inavimba kidogo. Chanjo inakwenda begani, mbali na hapo.

Mwanafunzi aliyeshika kichupa anauliza nani aligundua haya. Mwaka 1890 Behring na Kitasato walionyesha kwamba seramu, yaani majimaji ya damu, ya mnyama mwenye kinga dhidi ya pepopunda humkinga mnyama mwingine. Anakitazama tena kile kichupa, safari hii kwa heshima.

Saa 11 jioni. Yule mwanafunzi anataka kujua kwa nini chanjo ya surua husubiri miezi 9 sehemu nyingi. Kingamwili za mama zikiwa bado nyingi huiua chanjo kabla mwili wa mtoto haujaitambua. Nazo hupungua: kila baada ya wiki tatu hivi hubaki nusu.

Saa 1 usiku. Kabla ya kukabidhi zamu narudi kitanda cha tatu. Mtoto amelala. Naandika kwenye kadi yake tarehe ya chanjo ya wiki ya 6, naipigia mstari, kisha namwomba mama anisomee kwa sauti.