Mama yake yuko wapi?

Hii stori nimekaa nayo miezi mitatu sijaiandika kwa sababu ya aibu, maana mimi ndo yule mtu anayejifanya mjanja wa mjini halafu nikatuma laki nne kwa mtu nisiyemjua kisa picha. Picha yenyewe ilikuwa kali lakini. Mtoto wa mbwa, German Shepherd, mweusi na kahawia, masikio bado yamelala, na chini yake jamaa kaandika PURE 100%, wiki 8, chanjo zote, wamebaki wawili tu. Sasa mtu na akili zako ukishasoma "wamebaki wawili" unaanza kuhangaika kama unagombania siti ya daladala.

Nikamwambia kaka, naomba nije nimuone na mama yake. Akasema mama yuko shamba Kibaha, mbali, usijisumbue boss, tukutane Mwenge nakuletea. Hapo ndo nilitakiwa nikate simu. Nikaenda Mwenge.

Kaja na bodaboda, mtoto wa mbwa yuko ndani ya boksi la mafuta ya kupikia, limetobolewa matundu matatu kwa bisbisi, kajikunyata kwenye kona pamoja na kinyesi chake. Nikapewa na kadi ya chanjo na kusema kweli ile kadi ilinifurahisha kuliko hata mbwa mwenyewe, nikajiona nimenunua kitu chenye karatasi.

Siku ya tatu kagoma kula. Ya nne anatapika povu, jioni anaharisha damu, na ile harufu aliyewahi kuuguza mbwa wa parvo, ule ugonjwa wa virusi wa tumbo unaoua watoto wa mbwa, anaijua, sina haja ya kuieleza. Mwanangu wa miaka sita alishampa jina, Simba. Daktari wa mifugo alivyomfungua mdomo, kabla hata ya kupima chochote, akaniambia huyu hana wiki nane, meno ya nyuma hayajamaliza kutoka, huyu wiki tano, tukijitahidi sana sita. Kadi akaitupia jicho mara moja tu: majina ya chanjo na tarehe zote kwa peni ile ile, mwandiko ule ule, hakuna stika ile inayobanduliwa kwenye kichupa, hakuna muhuri. Kipimo kikatoa mistari miwili, yani parvo anayo. Dripu siku mbili, alfajiri ya tatu akafa.

Nikauliza, dokta, labda kaupata kwangu? Akasema parvo kwa kawaida inachukua siku tatu mpaka saba tangu mbwa auokote mpaka aanze kuumwa, kwahiyo kwa hesabu za siku huyu karibu hakika kaja nayo ndani ya boksi. Akanieleza na kitu ambacho nilikuwa sijui kabisa, kwamba hata angechomwa kweli, sindano moja haitoshi. Mtoto anakuwa na kinga ya maziwa ya mama na ile kinga inaiua chanjo, inapungua polepole na kila mtoto kwa siku yake, ndo maana wanaanza wiki ya 6 au 8 wanarudia kila baada ya wiki tatu nne mpaka afike wiki ya 16. Kwahiyo mtu akikuambia wa wiki nane "chanjo zote kamaliza", keshakudanganya hata kama hajui anadanganya.

Hasira zikanifanya nisome. Uingereza walishapita huku, kulikuwa na mbwa anaitwa Lucy, aina ya Cavalier, aliokolewa 2013 kwenye shamba la kuzalisha mbwa huko Wales, nyonga zimeharibika kwa kufungiwa kwenye kibanda na kuzalishwa mfululizo. Ikaja sheria ya jina lake, imeanza England Aprili 2020: mtoto chini ya miezi sita muuzaji wa katikati haruhusiwi kumgusa, unanunua kwa aliyemzalisha mwenyewe na unamkuta na mama yake, au unachukua kwenye kituo cha mbwa waliookolewa. Yani sheria nzima ya bunge imekuja kuuliza swali lile lile nililouliza mimi kwenye simu, ila mimi nikakubali kujibiwa Kibaha.

Na hili neno pure nalo limenichosha. Pure maana yake nini kama dume na jike ni ndugu wa tumbo moja? German Shepherd ana tatizo la nyonga linalorithiwa, mfupa haukai sawa kwenye tundu lake, mbwa wa miaka mitano anainuka kama mzee wa tezi dume. Unaligundua kwa X-ray, na Marekani cheti cha mwisho cha nyonga hawatoi kabla mbwa hajafika miaka 2. Huku watu wanapandisha jike kwenye joto la kwanza, yani mara ya kwanza tu anapotaka dume, mwenyewe bado mtoto. Bulldog ndo usiseme, kichwa kimefanywa kikubwa mpaka wengi wao wanazaa kwa kisu.

Halafu kuna hii ya Basenji, mbwa wa kuwindia wa Kongo, yule asiyebweka. Jina lenyewe ukilisikiliza vizuri ni ndugu wa neno letu mshenzi. Wazungu wakachukua wachache, wakawaonyesha London 1937, wakafunga daftari la ukoo na kuzalisha wale wale kwa wale wale mpaka ugonjwa wa figo, Fanconi, ukazagaa kwenye damu. Mwaka 1990 klabu ya mbwa ya Marekani ikabidi ifungue daftari iingize mbwa wapya waliotolewa huko huko Kongo vijijini. Na sisi hapa tunamcheka jirani kwa kufuga mbwa koko.

Sasa kuna mama mmoja Bunju anazalisha mbwa, nimeelekezwa na yule daktari. Bei yake inauma, laki tisa. Nilivyofika nikakaribishwa chai halafu nikahojiwa mimi: mwanangu, ukuta wako una urefu gani, mchana nani anabaki nyumbani, utamfunga mnyororo? Nikasema usiku tu namfungulia, akaniangalia kama nimetukana. Jike lake lilitoka likaninusa, chuchu safi, mwili umejaa, akanionyesha picha za nyonga kwenye bahasha ya hospitali. Anazalisha mara moja kisha anapumzisha joto linalofuata lote. Na ananiandikisha karatasi kwamba nikishindwa kumfuga namrudisha kwake, simuuzii mtu. Nikauliza basi wako wapi watoto, nilikuwa nimekuja na hela mfukoni kabisa. Akacheka. Hawapo. Jike bado hajapandishwa, na hata wangekuwepo asingenipa, maana uani kwangu kumekufa mbwa wa parvo na yale madudu yanakaa kwenye udongo miezi na miezi, karibu mwaka, jua na mvua vinapita.

Kwahiyo banda nimelibomoa, mbao nimechoma, sakafu nimemwagia Jiki mara nne. Mwanangu kila Jumamosi anauliza kama mbwa mpya keshazaliwa. Juzi mama kanitumia picha ya jike kalala chini ya mwembe, kaandika tu: bado.