Nilivyopima mkondo wa tope kwa tanki la kioo, Mtwara

Mwaka 2020 mkondo wa tope, yaani maji yaliyojaa tope yanayoteremka sakafuni kwa uzito wake, uliteremka kwenye korongo la chini ya bahari la Kongo, ukasafiri zaidi ya kilomita 1,100, ukakata nyaya za intaneti na kung'oa vifaa vya kupimia. Kitu cha namna hiyo hukifuati kwa ngalawa. Mimi nilikitengeneza kidogo, mezani.

Fundi aluminiamu aliniundia tanki la kioo cha milimita 8: urefu mita 2, upana sentimita 20, kimo 40. Silikoni isubiri mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Ndoo tano za lita 20 za maji ya bahari zinafikisha kina cha sentimita 25. Sentimita 30 kutoka ncha moja nikaweka mlango wa plastiki ngumu, kingo zimepakwa vaselini. Ukivuja, tope linatangulia na kipimo kimeharibika.

Udongo nilichota ukingoni mwa Ruvuma, Kilambo (mtu mmoja achote, mwingine aangalie mamba). Ukaushe, uutwange kwenye kinu, si kile cha kisamvu, kisha uchekeche kwa chujio la chai. Nyuma ya mlango kuna lita 15. Gramu 20 za udongo kwa lita ni gramu 300.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea: nilikoroga udongo kwa maji ya bomba. Tope likaelea juu kama moshi. Lita ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, tope langu lilikuwa 1,012. Kwa maji yasiyo na chumvi unahitaji kama gramu 40 kwa lita ndipo lizame, na ndiyo maana tope la mto kwa kawaida hutandaa juu ya bahari badala ya kupiga mbizi. Kwa hiyo koroga kwa maji yaleyale ya tanki. Ndoo isikae juani, kwani maji ya moto ni mepesi. Usichelewe pia: chumvi hugandisha chembe za mfinyanzi, zikatuama.

Koroga, vuta mlango wima kwa mkupuo mmoja. Kichwa cha mkondo hutangulia kimevimba, chini yake kimeinuka kidogo kama pua, mgongoni mawimbi yanajikunja. Nilibandika futi kwenye kioo, nikarekodi kwa simu: sentimita 8 hivi kwa sekunde.

Acha usiku kucha tope litue, kisha nyonya maji kwa mpira mwembamba wa dripu. Ule mnene huzoa tabaka la juu la tope lililotua, ambalo ndilo laini kuliko yote.